Ngozi Chini ya Mkeka

Nachituti alikuwa dada yake Nkuba, na Nkuba alikuwa mtawala wa Washila, wavuvi walioishi Ziwa Mweru kabla Walunda wa Kazembe hawajalishika bonde la Luapula. Mtoto wa kiume wa Nachituti alilala na mmoja wa wake za mjomba wake. Nkuba akamuua mpwa wake, akamchuna, ngozi akaitandika chini ya mkeka wa kiti chake, akawa anaikalia. Mama alipojua, alikwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, akamwomba amlipizie. Watu wa Kazembe wakaenda, Nkuba akauawa. Nachituti akachukua kikapu akakijaza udongo, akachukua mtungi akautia maji, akampa Kazembe vyote viwili. Tangu hapo, husema Walunda, nchi na maji ni vya Mwata.

Kisa hiki huwekwa zama za Kazembe wa tatu, Lukwesa, mwishoni mwa karne ya 18. Ni Lukwesa huyo aliyekuwa akitawala mwaka 1798, Lacerda, mjumbe wa Wareno, alipofika mji wa Kazembe na kufia huko. Mwata Chinyanta Nankula, aliyetawala miaka ya 1940, alikusanya mapokeo ya watu wake katika kitabu cha Kibemba kwa msaada wa padri Labrecque. Mwanahistoria David Gordon naye alikipa kitabu chake cha mwaka 2006, kinachohusu uvuvi wa Mweru na Luapula, jina la zawadi ya Nachituti. Wanahistoria wana haki ya kukiona kisa hiki kama hati ya kumiliki ziwa. Mimi nakitazama kama mtunzi anavyotazama kazi ya mtunzi mwenzake, na kila ninapokirudia naona ufundi ambao sikuuona mara iliyopita.

Kwanza, undugu. Wahusika wakuu ni wanne: mama, kaka yake, kijana, na mtawala wa mbali mwenye jeshi. Washila, kama majirani zao wengi wanaosema Kibemba, huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamume hurithiwa na mdogo wake wa tumbo moja au na mtoto wa dada yake. Mwanawe wa kumzaa ni wa ukoo mwingine. Msikilizaji wa Mweru analijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo msimuliaji halazimiki kulieleza, na uzito wote wa kisa umelala hapo pasipoelezwa. Kijana aliyemgusa mke wa Nkuba ni yuleyule ambaye siku moja angeweza kukalia kiti cha Nkuba. Amechukua mapema, kwa wizi, kilichokuwa jirani na haki yake. Na Nkuba anapomuua, anamuua mrithi wake, damu ya tumbo lililomzaa yeye mwenyewe. Makosa ni mawili, na kila moja lina sababu ambayo mtu anaweza kuielewa hata kama haikubali.

Jaribu kubadilisha kitu kimoja tu. Mweke kijana wa mbali, mpita njia, badala ya mpwa. Nkuba atakuwa mume mwenye wivu aliyeua, na watu watasikitika, watakula, watalala. Mama wa mpita njia hana udongo wa kumpa mtu. Au mfanye kijana awe mtoto wa kumzaa wa Nkuba: dada mtu hana dai tena, na Kazembe hana mlango wa kuingilia. Kisa kinasimama kwa sababu kila mtu yuko mahali ambapo hangeweza kukaa mwingine. Wengi wetu tunaoandika huanza na tukio, mauaji au wizi au ajali, kisha hutafuta watu wa kulibeba. Waliotunga kisa cha Nachituti walianza na swali la nani anamdai nani, na tukio likatoka humo lenyewe.

Kisha ngozi. Mtunzi mwenye haraka angemfanya Nkuba amzike kijana porini usiku, halafu angehangaika kulifukua kaburi: mbwa anachimba mfupa, mwindaji anapita kwa bahati, mtu anaota ndoto. Hawa waliiweka siri mahali ambapo watu hukaa. Mkeka wa mtawala uko barazani. Wageni huja, pombe huletwa, mashauri husikilizwa. Siri iliyozikwa porini husubiri bahati. Iliyotandikwa barazani husubiri siku tu. Kuanzia hapo msimuliaji hana haja ya kuongeza hofu kwa maneno makali. Kila Nkuba anapoketi, msikilizaji anajua kilicho chini yake, na anajua pia kwamba Nachituti hajui.

Ngozi hiyo inafanya na kazi ya pili: inatuonyesha Nkuba. Katika kisa hapahitajiki neno hata moja la kusema alikuwa katili, au mwenye kiburi, au mwenye wivu. Tunaambiwa alichofanya baada ya kuua, basi. Hasira yake haikuishia kwenye damu, ilitaka kukaliwa kila siku. Na mtu anayehitaji kumkalia marehemu kila siku ni mtu ambaye bado anamwogopa. Mtawala wa namna hiyo ameanza kuanguka kabla jeshi la Walunda halijavuka maji, na hilo tunalijua kwa kutazama mkeka, bila kuingizwa ndani ya kichwa chake.

Jinsi mama alivyopata habari ni sehemu ambayo msimuliaji ana uhuru nayo, na hapo ndipo anapopimwa. Anaweza kumketisha Nachituti mwenyewe juu ya mkeka ule, anywe pombe ya kaka yake. Anaweza kumpa mtumishi mzigo wa kujua asichoweza kukisema. Anaweza kuuacha ulevi useme. Njia ni nyingi, lakini zote lazima zipite barazani, kwenye mkeka, kwa sababu kitu kilichowekwa pale mwanzoni kinadai kutumika. Msimuliaji anayemletea Nachituti habari kwa njia nyingine yoyote amepoteza mali aliyokwisha kuinunua.

Sasa mtazame mama. Anamshtaki nani, na kwa nani? Kwa wazee wa ukoo hawezi, maana mkubwa wa ukoo ndiye mshtakiwa. Barazani hawezi, maana baraza limetandikwa mwanawe. Nyumba yake yote imefungwa na kaka yake, na mlango pekee uliobaki unatazama nje, kwa Walunda, watu waliotoka magharibi kwa Mwata Yamvo, ambao ufalme wao hupita kwa baba. Anakwenda kuomba haki ya mtoto wa dada katika nyumba ambayo mtoto wa dada si mrithi. Tunasikia hatua hiyo moja tu, alikwenda kwa Kazembe, na mtu ameshageuka mbele ya macho yetu. Aliyekuwa dada wa mwenye ziwa sasa ni mlalamikaji kwenye ua wa wageni.

Halafu zawadi. Angeweza kushukuru kwa pembe za ndovu, naye Kazembe angepokea. Anatoa udongo na maji. Kwa nini ana uwezo wa kuvitoa? Kwa sababu mwanawe amekufa na kaka yake amekufa, na wa tumbo lile aliyebaki na kinywa cha kuisemea nchi ni yeye. Ushindi wake ndio uliomfanya mmiliki, na papo hapo anautumia umiliki huo kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Vyombo anavyotumia ni kikapu na mtungi, vitu ambavyo mwanamke wa Luapula hushika kila siku kwenda shambani na mtoni. Nchi nzima imehama mkono kwa vyombo vya nyumbani. Kwenye mkeka wa mtawala kulikuwa na kitu cha kutisha. Mikononi mwa mama kuna vitu vya kawaida kabisa, navyo vina nguvu kuliko mkeka.

Vitabu vya kufundisha uandishi hupenda mhusika anayetoka ubayani kwenda wemani, au udhaifuni kwenda kwenye nguvu. Nachituti haendi hivyo. Amepata kila alichoomba, na amelipa kwa kila kilichomfanya awe mtu wa kusikilizwa. Watoto wa ukoo wake ambao hawajazaliwa wamepoteza ziwa kwa kikapu kile. Tunamuunga mkono hadi mwisho, na mwisho unatuumiza. Sijui mageuzi ya mhusika yaliyosukwa vizuri kuliko haya kwa maneno machache kiasi hiki.

Na ni lazima kuuliza nani anasimulia. Walunda ndio waliofaidika na kikapu, na Walunda ndio waliokipa kisa nguvu na kukiweka kitabuni. Mshila akisimulia, anaweza kukaa muda mrefu zaidi kwenye kosa la kijana na muda mfupi kwenye zawadi. Ufundi wa Walunda ni kwamba hawakulisafisha jambo: ngozi ipo, kosa la kijana lipo, na aliyeiita nguvu yao ni mwenye nchi mwenyewe. Msimuliaji aliye na faida katika kisa anahitaji aaminike kuliko mwingine yeyote. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alilijua hilo. Katika simulizi ya maisha yake, aliyoitoa kwa Kiswahili na Heinrich Brode akaichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, vya mwaka 1867, vinasimuliwa na mshindi, naye hafichi kwamba alipigwa mishale. Jeraha linamnunulia imani ya msomaji kwa yote yanayofuata. Anayetaka kujifunza kuandika kwa nafsi ya kwanza asome ukurasa ule kwa makini, huku akikumbuka watu wa Nsama ambao hawakupewa zamu ya kusema.

Kuna mwingine ambaye hakupewa zamu: mke wa Nkuba, yule aliyelala na kijana. Mapokeo yanampita upesi. Lakini yeye, bila shaka, alikuwepo. Alijua ngozi ni ya nani. Aliendelea kupika katika ua ule, kupita mbele ya mkeka ule, kumkaribisha wifi yake anapokuja kumsalimu kaka. Mtunzi anayesoma kisa cha kale kwa subira huona mtu wa namna hii, amesimama kando na mzigo mkubwa kuliko wa wote, hajaulizwa kitu. Visa vipya hupatikana hapo zaidi kuliko katika kukaa mezani kusubiri wazo.

Kisa cha Nachituti ni cha baraza na wakubwa. Usiku, ufuko wa Mweru una shule nyingine ya utunzi, na walimu wake mara nyingi ni bibi na watoto. Robert Cancel, mtafiti Mmarekani aliyeanza kuwarekodi wasimuliaji wa kaskazini mwa Zambia miaka ya 1970, alitoa mwaka 2013 kitabu kinachosomeka bure mtandaoni pamoja na video zao: Watabwa, Wabemba, Wabisa, Wabwile wa ufuko wa Mweru, na Walunda wa Kazembe. Nawasihi waandishi wazitazame hizo video hata kama hawaelewi Kibemba. Utaona mikono, utaona mahali msimuliaji anaponyamaza, utaona wanaosikiliza wakidakia wimbo kabla hajaumaliza.

Chukua hadithi ambayo kwa namna moja au nyingine inasimuliwa toka maziwa makuu hadi pwani. Binti mzuri anakataa wachumba wote. Anakuja mgeni asiye na kovu hata moja, binti anakubali siku hiyohiyo. Mdogo wake, mtoto mwenye upele, anataka kumsindikiza. Dada anaona haya, anamfukuza, anamtupia mawe. Mtoto anafuata kwa mbali. Kwa mume, usiku, mume anageuka simba na kuja mlangoni kula. Mtoto yu macho. Anaimba, na simba anarudi nyuma, anajidai mtu tena. Usiku wa pili vilevile, lakini simba yuko karibu zaidi. Usiku wa tatu amekwisha kuingiza mkono mmoja ndani.

Anayesoma hadithi hii kwenye karatasi hulalamika kwamba inajirudia. Anayeisikiliza anajua kwamba kila marudio yanabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, na kwamba wimbo ni uleule ili badiliko lisikike. Usiku wa kwanza msikilizaji anauimba wimbo kwa kufurahi, usiku wa tatu anauimba kwa sababu akiacha mtoto ataliwa. Msimuliaji amewatoa watu kwenye mikeka yao akawaingiza ndani ya nyumba ya simba bila kuwaomba ruhusa. Mwandishi wa riwaya hana wimbo, ila anaweza kuwa na mlango uleule, swali lilelile la chakula cha jioni, barua inayofika kila mwezi. Akirudie kitu hicho mara tatu, na kila mara akisogeze hatua moja.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni upele. Mtunzi alihitaji mtoto awe macho wakati dada amelala fofofo. Angeweza kumpa dawa, au ndoto ya onyo, au sauti ya marehemu. Akampa kuwasha. Mtoto mwenye upele hapati usingizi, anajikuna. Kilekile kilichomfanya dada amwonee haya ndicho kinachowaokoa wote wawili. Sababu ya dharau na sababu ya wokovu ni kitu kimoja, kimewekwa wazi tangu mwanzo, na hakuna aliyekitilia maanani. Na dada, ili atoke hai, lazima ashike mkono wenye upele. Mageuzi yake yote yako katika kushika huko. Bibi anayejua kazi yake hasemi kwamba binti alijifunza kutodharau. Anasema walikimbia wameshikana mikono, kisha anauliza nani ana kuni za kuongeza.

Waandishi wetu wakubwa wanaujua ufundi huu, wameuchukua nyumbani. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa cha ziwa jingine, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971. Mapema katika riwaya hiyo Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni tukio la kawaida, limetokea katika nyumba nyingi, na baba anayelifanya anaamini analinda. Mengi yanayompata Rosa baadaye, shuleni na chuoni, yanatoka kwenye kipigo kile. Alifundishwa kuogopa, hakufundishwa kuchagua, na siku mkono wa baba ulipokuwa mbali hakuwa na kitu cha kumwongoza. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi. Kwa maoni yangu kilichotisha zaidi ni jinsi kilivyosukwa, kwa sababu ukimfuata Rosa kwa haki mpaka mwisho, unarudi kwenye mlango wa baba aliyekuwa akifanya wajibu wake.

Abdulrazak Gurnah katika *Paradise*, riwaya ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, anaanza na deni. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, anayemwita kwa jina la undugu, na baadaye anakuja kujua kwamba baba yake amemweka rehani. Safari ya msafara kwenda bara, kuvuka ziwa hadi kwa mtawala Chatu, ni safari ya watu wanaodaiana: tajiri anadaiwa na wakopeshaji, wapagazi wanadai ujira, Chatu anadai kisasi cha wafanyabiashara waliomtapeli zamani. Kila kituo kina mwenye deni wake. Na mwisho, Yusuf anapokimbilia nyuma ya askari wa Wajerumani, msomaji anashtuka, kisha anaona kwamba kijana ambaye hajawahi kuwa wake mwenyewe hata siku moja amechagua kwa mara ya kwanza, na njia iliyokuwepo ya kuchagua ilikuwa mbaya. Hapo pia mhusika hajaboreka. Amegeuka, kwa namna ambayo kila ukurasa wa nyuma ulikuwa ukiiandaa.

Turudi Mweru. Nchelenge ya leo, wilaya ya Zambia kwenye ufuko wa ziwa hilo, ina visa vya kiwango hiki, vinasubiri mkono. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 5,100, Zambia upande huu, Kongo upande ule. Kashikishi, mji uliogusana na Nchelenge, unaishi kwa samaki aitwaye pale na kwa chisense, dagaa wa huko, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani kesho yake. Boti huenda visiwa vya Kilwa na Isokwe. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane.

Mwandishi kijana akisikia hivyo atapata wazo mara moja: mvuvi anavua kwa siri wakati wa marufuku, anakamatwa. Hiyo ni habari ya redio. Mwache aulize nani anamdai nani. Mvuvi ni mjomba wa mtu. Mpwa huyo amesomeshwa kwa samaki wa mjomba, na leo amevaa sare, yuko kwenye doria ya uvuvi. Tayari kuna kisa. Katikati yao yuko mama, dada wa mmoja na mzazi wa mwingine. Mwezi ni Januari, shule Zambia zinafunguliwa, na watoto wa mjomba hawana viatu wala madaftari, wakati ziwa bado limefungwa kwa wiki kadhaa. Msukumo haukutoka kichwani mwa mwandishi. Umetoka kwenye kalenda ya wilaya.

Nyavu zifichwe wapi? Si kisiwani, wala mateteni. Zifichwe chini ya godoro la mama. Kila usiku anazilalia, na harufu ya ziwa inapanda chumbani. Kijana wake anakuja kula kwake jioni, na sare yake, anakaa ukingoni mwa kitanda hichohicho akifunga kamba za viatu. Mara ya kwanza hajali. Mara ya pili anauliza kama paa limevuja. Mara ya tatu haulizi kitu, anafunga kamba na kutoka bila kula, na mama anajua kwamba amejua.

Mwisho ndio unaohitaji uvumilivu. Kijana akimkamata mjomba, sheria imeshinda na hakuna aliyegeuka. Akimsamehe, wote wanafurahi, na hakuna aliyelipa. Mjomba akizama ziwani, mwandishi amekimbia kazi yake. Mimi ningejaribu mama. Ningemtoa asubuhi, mchana kweupe, nyavu kichwani, apite sokoni mbele ya wifi yake na wanawake wenzake wa kuanika samaki, hadi kwenye ofisi ya uvuvi, aseme nyavu ni zake. Kijana ndiye aliye zamu. Ni yeye atakayeandika jina. Kaka mtu anasikia habari akiwa ufukoni, na ama anakwenda ofisini au haendi. Sina hakika ipi ni sahihi, na ningeandika zote mbili kabla ya kuamua, maana hapo ndipo itakapoonekana kama mjomba huyu ni Nkuba au ni mtu mwingine.

Mpango huo nauachia yeyote anayeutaka. Uchukue wewe uliye Kashikishi, au wewe wa Pweto ng'ambo ya maji, au wewe wa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, ambako Kiswahili cha Kongo na Kibemba vinasikika kisima kimoja. Sauti za watu hawa mnazo ninyi: mjomba anavyokohoa kabla ya kuomba kitu, wifi anavyosalimu akiwa amekasirika, jina halisi la kila fundo la wavu. Andikeni polepole, na mkimfikisha mama ofisini, msimpe hotuba.